Bwawa la Nyumbani katika Nizi: Namna ya Kupima Ubora Wake na Kupanga Gharama Zake

Ubora wa bwawa la samaki hupimwa vizuri zaidi likiwa tupu. Maji yakishajaa, bwawa lililochimbwa kwa uangalifu na lile lililochimbwa ovyo hufanana machoni, na mwenye nyumba anayemlipa fundi hawezi kuyatofautisha kwa kusimama kando na kutazama, kwa kuwa tofauti imefichwa ndani ya matuta, yaani kuta za udongo zinazozuia maji, na kwenye njia ya kutolea maji iliyo chini kabisa. Bajeti ya bwawa kwa hiyo haifanani na bajeti ya nyumba, ambayo sehemu yake kubwa huonekana ukutani na paani: fedha za bwawa zinapaswa kutumika hasa pale ambapo jicho halitafika tena kazi ikiisha.

Nizi, katika teritwari ya Djugu mkoani Ituri, Kongo, kaskazini mwa Bunia, ni mji mdogo uliokulia katika eneo la dhahabu la Kilo, ambako madini hayo yaligunduliwa mwaka 1903, na historia hiyo imeacha mtego kwa yeyote anayetaka bwawa la bei nafuu. Uchimbaji wa dhahabu kwa mikono huacha mashimo yanayojaa maji ya mvua, na shimo la namna hiyo huonekana kama bwawa lililokwisha kuchimbwa bure. Hata hivyo, shimo hilo haliwezi kukaushwa, kina chake hakijulikani, na pale ambapo wachenjuaji wametumia zebaki kukamatia chembe za dhahabu, tope la chini huihifadhi sumu hiyo, ambayo vijidudu vya topeni huigeuza kuwa aina inayoingia kwa urahisi katika nyama ya samaki na kujilimbikiza humo. Kijito kinachopita chini ya machimbo kina kasoro hiyohiyo, na huleta pia matope yanayofukia bwawa. Gharama ya kwanza katika bajeti ni ya kulipia mahali safi, na hakuna punguzo la bei linaloweza kufidia maji yaliyochafuka.

Hoja ya kukausha inastahili kufafanuliwa, kwani ni miongoni mwa mambo yaliyoamua hatima ya mabwawa mengi ya Kongo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ya kikoloni ya Ubelgiji iliendesha kampeni kubwa ya ufugaji wa samaki vijijini, utafiti ukifanyika katika kituo cha Kipopo, karibu na mji ambao leo ni Lubumbashi, na kufikia mwisho wa miaka ya 1950 nchi ilikuwa na mabwawa zaidi ya 100,000, ambayo mengi yaliachwa baada ya uhuru. Samaki aliyefugwa alikuwa tilapia, ambaye huanza kuzaa akiwa bado mdogo, akizaa tena na tena humohumo bwawani, hata chakula kikagawanywa kwa maelfu ya samaki ambao hakuna hata mmoja anayenenepa. Dawa ya hali hiyo ni kulikausha bwawa kila mavuno, kuondoa samaki wote na kuanza upya kwa idadi inayojulikana. Bwawa lisilokauka ni kasoro iliyojengwa tangu siku ya kwanza, hata kama matuta yake yamenyooka.

Mjuzi huanza kwa udongo. Bonge lililochukuliwa chini ya udongo wa juu hulowanishwa, hufinyangwa kama tufe, hurushwa juu kidogo na kudakwa. Likibaki zima, lina mfinyanzi wa kutosha, na likipasuka, mchanga umezidi. Kipimo cha uhakika zaidi ni shimo linalofika kiunoni, ambalo hujazwa maji asubuhi na kuachwa yazame mpaka jioni, kisha hujazwa tena na kufunikwa kwa majani usiku kucha. Asubuhi inayofuata, ikiwa sehemu kubwa ya maji ingalipo, mahali hapo pataweza kushika maji. Kazi hii inagharimu kijana mmoja na jembe moja, nayo ndiyo fedha iliyotumika vizuri kuliko nyingine yoyote katika mradi mzima.

Maji hupimwa mwishoni mwa kiangazi, Februari, wakati chemchemi imepungua kabisa, wala si Oktoba ambapo kila kijito hudanganya kwa wingi wake. Tuchukue bwawa lenye uso wa mita 10 kwa 20 na kina cha sentimita 80, ambalo, kwa kuwa kingo zake zinalala, huchukua takriban mita za ujazo 125. Chemchemi inayojaza ndoo ya lita 20 kwa dakika moja hutoa karibu mita za ujazo 29 kwa siku, na italijaza bwawa hilo kwa siku 5 hivi; baada ya hapo, upungufu wa sentimita 1 kwa siku, ambao ni wa kawaida kwa bwawa jema, unahitaji mita za ujazo 2 tu. Maji hayo yaingie kwa mfereji unaoweza kufungwa, kwa sababu bwawa ambalo kijito kizima kinapita ndani yake hupoteza mbolea na samaki kila mvua inaponyesha.

Matuta ndiyo yanayotenganisha fundi na mchimbaji wa kawaida. Tuta jema haliwekwi juu ya majani: udongo mweusi wa juu huondolewa kwanza pamoja na mizizi yake, kisha huchimbwa mtaro katikati ya njia ya tuta mpaka kwenye udongo mgumu, na mtaro huo hujazwa mfinyanzi ulioshindiliwa ili tuta lishikamane na ardhi. Udongo huwekwa kwa matabaka ya sentimita 15 hadi 20, kila tabaka likiwa na unyevu wa kiasi na likipigwa kwa mchi mzito kabla ya jingine kuongezwa. Anayetaka kuhakikisha na achome fimbo nyembamba katika tuta jipya: penye kazi nzuri fimbo hukataa baada ya vidole vichache, na pale udongo ulipotupwa tu huzama kama katika mchanga. Upande wa ndani ulale mita 2 kwa kila mita 1 ya kimo, juu pawe na upana wa mita 1 wa kupita mtu na toroli, na kati ya uso wa maji na kilele zibaki angalau sentimita 30. Nyasi fupi zitambaazo zinafaa kupandwa juu yake. Mikaratusi, inayopendwa sana katika vilima vya Ituri kwa mbao na kuni, haifai hata kidogo, kwa sababu mizizi yake hutoboa tuta na kunywa maji.

Kwa bwawa linalotumika tayari, mahali pa kuchungulia ni mguuni mwa tuta, upande wa nje. Unyevu kidogo unaotoa maji maangavu si jambo la kuogopesha, lakini maji yanayotoka yakiwa na rangi ya udongo maana yake tuta linaliwa kutoka ndani, na bwawa hilo halistahili bei yoyote kabla ya kufumuliwa na kujengwa upya. Mara nyingi uvujaji huo hufuata bomba la kutolea maji, kwa kuwa udongo haushiki vyema plastiki laini. Ndiyo maana fundi mwenye ujuzi huzungushia bomba kola ya zege katikati ya tuta. Kwa bwawa la nyumbani, bomba la milimita 110 lililolazwa mahali pa chini kuliko pote, likiwa na kiwiko na kipande cha wima kinachoweza kulazwa polepole, linatosha kupanga kimo cha maji na kulikausha bwawa lote, bila gharama ya mnara wa matofali unaohitajika katika mabwawa makubwa.

Gharama inafaa kuhesabiwa kwanza kwa siku za kazi, ndipo igeuzwe kuwa dola au faranga kulingana na malipo ya wakati huo. Bwawa la mfano uliotajwa, likichimbwa kwenye mteremko mdogo ili udongo unaotoka ndio ujenge matuta, huhitaji kusogeza karibu mita za ujazo 100, na mtu mmoja akisogeza mita za ujazo 2 kwa siku, hizo ni siku 50 za kibarua, bila kuhesabu kushindilia. Fundi anayetaja bei bila siku za kushindilia amekwisha kuonyesha atakachoruka. Kazi ipangwe kati ya Desemba na Februari, ardhi ikiwa kavu. Chakula nacho kihesabiwe kwa miezi mingi kuliko ile 6 inayotajwa katika nchi za joto, kwa kuwa Bunia yenyewe iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,275, na tilapia hukua polepole mno maji yakiwa chini ya nyuzi 20.

Kuna kigezo kimoja zaidi ambacho Djugu inakidai kuliko mahali pengine. Tangu Desemba 2017 vita vimewalazimisha watu wengi wa teritwari hiyo kuhama makwao kwa miezi au miaka, na bwawa lililoshindiliwa vizuri, lenye bomba la kupunguzia maji ya mvua kubwa, linaweza kumngoja mwenyewe bila mlinzi, ilhali lililojengwa kwa haraka hubomoka katika msimu mmoja wa mvua.

Vifaranga vya samaki, ambavyo wafugaji wa Kongo huviita alevini, ndivyo vya mwisho kununuliwa, kwa kipimo cha 2 kwa kila mita ya mraba, yaani 400 kwa bwawa la mfano. Fedha zake zisitoke mfukoni kabla maji hayajakaa bwawani wiki 2 bila kupungua zaidi ya sentimita 1 kwa siku kwenye kijiti chenye alama, na kabla hayajawa ya kijani kiasi kwamba mkono ukizamishwa hadi kiwikoni, vidole havionekani. Mwenye bajeti ndogo na ajenge mita za mraba 100 zilizoshindiliwa na zinazokauka, aache 400 zisizokauka.