‘Aidha’ si ‘either’

Mara nyingi nasikia redioni sentensi ya sampuli hii: “Aidha serikali iwalipe madaktari au mgomo uendelee.” Msemaji ameanza na viunganishi pacha vya Kiingereza, ‘either’ na ‘or’, kisha akaokota neno la Kiswahili linalokaribiana na cha kwanza kwa sauti. Basi!

Neno ‘aidha’ lina asili ya Kiarabu na maana yake ni ‘pia’, ‘tena’ au ‘vilevile’. Huongeza hoja juu ya hoja: “Waziri alizindua barabara. Aidha, aliahidi kujenga zahanati.” Nalo ‘either’ katika muundo huo hutenga: ukichukua hiki, kile umekiacha. Moja hujumlisha, jingine hutoa. Hayana undugu wowote.

Utaniuliza, “Si tunaelewana tu?” Hebu tazama onyo hili: “Mkosaji atatozwa faini, aidha atafungwa jela miezi 6.” Aliyezoea ‘aidha’ ya redioni ataona adhabu moja kati ya mbili. Anayelijua neno ataona zote mbili. Tofauti yao ni miezi 6 gerezani.

Sikatai kwamba lugha hukua kwa kukopa. Lakini hapa hatujakopa kitu tulichokosa, kwani Kiswahili kina njia zake, tena nyingi kuliko hicho kiunganishi kimoja. Pa kuchagua, tuna ‘ama’: “Ama serikali iwalipe madaktari, ama mgomo uendelee.” Pa kukana yote mawili, tuna ‘wala’: “Hakuja wala hakupiga simu.” Na pale ambapo chaguo halibadilishi kitu, hatuhitaji kiunganishi chochote. Badala ya *“Aidha mvua inyeshe au isinyeshe, mkutano utakuwepo,” mzawa wa lugha husema, “Mvua inyeshe isinyeshe, mkutano utakuwepo.” Ndiyo ile ile ya “upende usipende”. Kitenzi chenyewe kimemaliza kazi.

Kwa hivyo, kabla ya kuandika ‘aidha’, weka ‘vilevile’ mahali pake na uisome sentensi upya. Ikiwa bado inasema ulichokusudia, endelea. Ikikataa, neno ulilokuwa ukilitafuta ni ‘ama’, na limekuwepo siku zote.