Majina Ndani ya Kasha la Saa

Saa ya mfukoni ya karne ya 18 huwa na makasha mawili, moja ndani ya jingine. La ndani hubeba mitambo, la nje hulinda. Kati yake mna nafasi nyembamba, na mafundi wa Ireland, kama wenzao wa Uingereza, walizoea kuijaza kwa karatasi iliyokatwa duara. Kazi yake ilikuwa kuzuia makasha yasisuguane na vumbi lisipenye. Lakini fundi hakukubali kuiacha tupu. Upande mmoja alichapisha jina lake, mtaa wake na mji wake, mara nyingi na nakshi pembeni. Upande wa pili aliandika kwa wino siku aliyoisafisha saa, pengine na jina la mteja. Saa ikienda kwa fundi mwingine, naye aliweka karatasi yake juu ya ile ya mwanzo. Ndiyo maana baadhi ya saa hizo, zikifunguliwa leo, hutoa karatasi tatu au nne zilizolaliana, kila moja na fundi wake na mwaka wake.

Kwa mtu anayemtafuta babu wa babu yake aliyekuwa fundi saa huko Ireland, karatasi hiyo inaweza kumfaa kuliko fedha ya kasha lenyewe. Sababu ni moto.

Tarehe 30 Juni 1922, siku chache tu baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Ireland kuanza, mlipuko mkubwa uliyapiga majengo ya mahakama ya Four Courts jijini Dublin, na Ofisi ya Kumbukumbu za Umma iliyokuwa kwenye eneo hilohilo ikateketea. Sensa za 1821, 1831, 1841 na 1851 ziliungua karibu zote. Ziliungua pia wosia za karne kadhaa na madaftari mengi ya ubatizo, ndoa na maziko ya Kanisa la Ireland. Vipande vya karatasi vilipeperuka juu ya mji na kuanguka mitaani. Na si moto peke yake uliokula nyaraka. Sensa za 1861 na 1871 serikali yenyewe ilikuwa imeshaziharibu, na za 1881 na 1891 zilisagwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, karatasi ilipoadimika. Sensa kamili ya zamani kuliko zote iliyobaki ni ya 1901. Uandikishaji wa vizazi na vifo vya wananchi wote ulianza 1864 tu.

Kwa hiyo kumfuatilia babu wa Ireland nyuma ya mwaka huo ni kazi ya mikono hasa, na mimi huihesabu kuwa ufundi sawa na ufundi mwingine wowote. Ina zana zake, ina kanuni zake, na ina watu wanaoifanya vizuri na wanaoiharibu. Anayeiharibu huona jina linalofanana na la babu yake mahali fulani, akafurahi, akalibandika kwenye mti wa ukoo. Anayeijua huweka jina hilo pembeni na kusubiri ushahidi wa pili.

Mzao wa fundi saa ana bahati ambayo mzao wa mkulima hana. Fundi aliishi mjini, alikuwa na duka, na duka bila jina halina wateja. Hivyo jina lake liliingia kwenye vitabu vya orodha za wafanyabiashara: Pigot cha 1824, kisha Slater cha 1846, 1856, 1870, 1881 na 1894, ambavyo hupita mji baada ya mji na kutaja mafundi saa chini ya kichwa chao wenyewe. Mtafutaji mzuri hasomi kitabu kimoja. Huviweka mfululizo na kutazama nani ameingia, nani ametoka, nani amehama mtaa. Jina likiwapo 1846, na 1856 likawapo jina lilelile la ukoo ila la kwanza limekuwa la mwanamke, hapo karibu hakika kuna mjane aliyebaki na duka. Wajane wengi walifanya hivyo, wakawalipa wafanyakazi na kuwalea wanagenzi mpaka mtoto wa kiume akue. Lakini wengine waliendelea chini ya jina la marehemu, na hao ni vigumu kuwaona.

Dublin yenyewe ilikuwa na Kampuni ya Masonara, iliyopata hati ya mfalme Charles I mwaka 1637, na baadhi ya mafundi saa wa mji walikuwa ndani yake. Kwa bahati njema vitabu vyake havikuwa Four Courts siku ile. Humo mna majina ya wanagenzi waliofungwa kwa mabwana zao, kwa kawaida kwa miaka saba, na mara nyingi jina la baba na mahali alipotoka. Mstari mmoja kama huo unaweza kumrudisha mtafutaji kizazi kizima nyuma, kutoka duka la mjini hadi shamba la mbali.

Hata hivyo, hapo pana mtego. Kabla ya Sheria ya Unafuu wa Wakatoliki ya 1793, Mkatoliki hakuweza kuwa mwanachama kamili wa vyama vya mafundi. Aliruhusiwa kufanya kazi kwa kulipa ada kila robo mwaka, na waliokuwa katika hali hiyo waliitwa ndugu wa robo. Waswahili tunasema asiyekuwapo na lake halipo. Anayetafuta babu Mkatoliki katika orodha ya wanachama huru tu ataondoka na imani kwamba babu hakuwahi kushika nyundo, kumbe yumo, ila kwenye orodha nyingine, anakolipa senti zake kila baada ya miezi mitatu.

Iko pia Ofisi ya Usajili wa Hati, iliyoanzishwa Dublin mwaka 1708 na kunusurika na moto. Fundi aliyepanga duka kwa mkataba mrefu, au aliyeweka nyumba rehani, huweza kupatikana humo akiwa ametajwa kwa jina, mahali na kazi yake. Na makanisa na mabaraza ya miji yalimlipa mtu kila mwaka kuitia ufunguo saa ya mnara na kuiweka sawa. Malipo hayo yaliandikwa kwenye vitabu vya mikutano. Ni fedha kidogo, lakini zikionekana miaka ishirini mfululizo kwa jina lilelile, zinamweka mtu mahali pake vizuri kuliko cheti chochote.

Sasa turudi kwenye saa yenyewe, maana hapa ndipo wengi hukosea.

Jina lililoandikwa usoni mwa saa si lazima liwe la aliyeitengeneza. Ukweli ni kwamba karibu hakuna mtu mmoja aliyewahi kutengeneza saa ya namna hiyo peke yake. Mitambo ghafi ilitoka kwa wingi Prescot na vijiji vya jirani, katika jimbo la Lancashire huko Uingereza. Ndani ya saa za zamani kuna mnyororo, sawa na wa baiskeli ila umepunguzwa mpaka unakaribia unene wa uzi, wenye mamia ya vipande vilivyounganishwa kimoja kimoja. Mnyororo huo huzunguka kitu chenye umbo la pia, chembamba juu na kinene chini. Kamani, yaani springi inayoiendesha saa, ikiwa imetoka kutiwa ufunguo huvuta kwa nguvu, na ikikaribia kuisha huvuta kwa ulegevu. Umbo lile la pia hulinganisha mvuto huo ili saa isikimbie asubuhi na kuchechemea jioni. Minyororo mingi ilitengenezwa na wanawake na wasichana wa mji wa Christchurch, kusini mwa Uingereza, na hakuna hata mmoja wao aliyeandikwa jina kwenye saa.

Fundi wa mji mdogo wa Ireland, basi, mara nyingi alipokea mitambo iliyokaribia kukamilika, akaimalizia, akairekebisha, akachonga jina lake juu ya shaba. Saa kubwa za kusimama nazo zilikuwa hivyo. Tangu miaka ya 1770 nyuso zilizopakwa rangi zilitoka Birmingham, na ukiuondoa uso unaweza kukuta nyuma yake bamba la chuma lenye jina la kiwanda. Wapo wanaolivunjia heshima jina la fundi kwa sababu hiyo. Mimi sikubaliani nao. Kununua sehemu hakukumfanya mchuuzi. Saa ikichelewa, mteja hakwenda Prescot kulalamika, alikwenda kwake.

Kasha la fedha lina ushahidi wake. Alama zilizogongwa Dublin fedha ilipopimwa ubora ni kinubi chenye taji, na tangu 1730 umbo la Hibernia, mwanamke aliyeketi anayewakilisha Ireland. Kuanzia 1807 hadi 1890 huongezeka kichwa cha mfalme au malkia. Herufi ya mwaka, ikiwapo, hutaja ni lini kasha lilipimwa. Ukikuta mafungu matatu ya ngano na upanga, kasha lilipimwa Chester. Nanga ni Birmingham. Saa yenye jina la fundi wa mji wa Ireland na chapa ya Chester haina kasoro yoyote. Inaeleza tu njia ambayo bidhaa zilipita baharini. Mtafutaji makini hutazama pia namba. Namba ya kasha na ya mitambo zikilingana, vitu hivyo viwili vimekuwa pamoja tangu mwanzo. Zisipolingana, mtu aliwahi kuvibadilisha, na herufi ya mwaka ya kasha haiwezi tena kusema lolote juu ya fundi.

Kisha kuna mikwaruzo. Ndani ya kifuniko, mahali ambapo mwenye saa hatazami, fundi aliyeikarabati alikwaruza kwa ncha ya sindano jina au herufi zake, tarehe, na namba ya kazi. Ni maandishi madogo mno, huonekana kwa lenzi na mwanga wa kutoka upande. Hapa sensa ya 1901 inaingia kwa namna isiyotarajiwa. Ireland ilihifadhi fomu zenyewe zilizojazwa majumbani, na chini yake sahihi ya mwenye nyumba. Ukipata fomu yenye kazi ya fundi saa, una mwandiko. Ukiwa pia na kasha alilolikwaruza, unaweza kuilinganisha sahihi na mkwaruzo. Sijui kazi ya kufuatilia ukoo iliyo tamu kuliko hiyo.

Waliowarahisishia wengine njia hii wanastahili kutajwa. Geraldine Fennell alitoa orodha yake ya mafundi saa wa Ireland mwaka 1963, chini ya Makumbusho ya Taifa ya Ireland. Mwaka 2000 ikatoka kazi ya William Galland Stuart, iliyohaririwa na David Boles. Ni vitabu vya majina, anwani na miaka. Mtu asiye na shughuli navyo atavifunga haraka. Lakini kila mstari wake ulitokana na mtu kufungua saa, au tangazo la gazeti, au kitabu cha parokia, na kuandika alichokiona bila kuongeza chumvi. Boles huyohuyo na Colman Curran walitoa mikusanyo yao ya saa kuwa zawadi, na mwaka 2021 Makumbusho ya Saa ya Ireland yakafunguliwa nayo Waterford.

Saa hizo zilihesabu majira yasiyokuwapo tena. Tangu 1880 saa ya kisheria ya Ireland ilikuwa ya Dublin, dakika 25 na sekunde 21 nyuma ya Greenwich. Usiku wa kuamkia 1 Oktoba 1916 tofauti hiyo ilifutwa. Waingereza walirudisha saa zao nyuma saa nzima kwa kuwa majira ya kiangazi yalikuwa yamekwisha, Waairishi wakarudisha dakika 35 tu.

Aliye na saa ya namna hii nyumbani, iwe ya Ireland au ya kwingine, namwomba mambo machache. Asiisugue ing'ae, kwa maana kusugua hufuta chapa na mikwaruzo. Asitupe karatasi ya duara hata kama imechanika. Kabla ya kuipeleka kwa fundi, apige picha ndani ya kila kifuniko, mwanga ukitoka upande, kisha aandike namba zote mbili.