Miaka Kumi Bora ya Mwongozaji wa Filamu: Kurosawa, Ray au Sembène?

Miongoni mwa mabishano ambayo wapenzi wa sinema hawayachoki ni hili: ni mwongozaji yupi aliyepata kuwa na miaka kumi ya kazi iliyo bora kuliko ya wenziwe wote? Huenda baadhi ya wasomaji wetu wakauliza jambo hili lina uhusiano gani na walimu wa Kiswahili. Sisi twaona kwamba linao, tena wa karibu. Kila mwaka mwalimu wa fasihi hulazimika kuamua ni kazi zipi zistahilizo kusomwa darasani na zipi ziachwe, na kila mara hukabiliwa na swali la vipimo. Je, tuhesabu wingi wa kazi? Tupime ufundi wa fani? Tutazame uzito wa maudhui? Ama tumpendelee msanii kwa kuwa alitumia lugha tuipendayo? Ubishi huu wa filamu unatuwezesha kuvichunguza vipimo hivyo bila ya kumgusa mwandishi yeyote wa kwetu.

Kwanza yafaa tuafikiane juu ya masharti. Miaka hiyo kumi haina budi iwe ya mfululizo, lakini si lazima ianze na mwaka unaoishia kwa sifuri. Pili, filamu moja nzuri, hata ikiwa nzuri kupita kiasi, haiwezi kubeba miaka tisa mitupu. Tatu, filamu dhaifu nazo zitiwe katika hesabu. Si haki kumpima mtu kwa kazi zake za juu tu na kuzifunika zile zilizomshinda.

Wengi waliozoea filamu za Marekani humtaja Francis Ford Coppola. Kati ya mwaka 1972 na 1979 alitoa filamu nne: The Godfather (1972), The Conversation na The Godfather Part II (zote za 1974), na Apocalypse Now (1979). Mbili kati ya hizo zilipata tuzo ya Oscar ya filamu bora. Mbili nyingine zilipata tuzo kuu ya tamasha la Cannes, ingawa ile ya 1979 iligawana tuzo hiyo na filamu nyingine. Hakuna iliyo dhaifu katika nne hizo. Hata hivyo tuna shaka mbili. Ya kwanza ni uchache wake. Ya pili yahusu Apocalypse Now, ambayo chanzo chake ni hadithi ya Joseph Conrad juu ya safari ya Mto Kongo, Heart of Darkness. Coppola aliihamishia safari hiyo katika vita vya Vietnam, na picha zake akazipiga Ufilipino. Conrad alikuwa amewachora wenyeji wa mto kama vivuli visivyo na kauli. Coppola alibadilisha bara na zama, lakini vivuli vikabaki kuwa vivuli: wanaosema, wanaowaza na wanaojuta katika filamu hiyo ni askari wa Kimarekani. Kwa wasemaji wa Kiswahili waishio mashariki ya Kongo, upungufu huo si jambo dogo.

Mshindani wa pili, naye ni mzito zaidi, ni Akira Kurosawa wa Ujapani. Kuanzia mwaka 1950 hadi 1958 alitoa filamu tisa. Rashomon (1950) ilitunukiwa Simba wa Dhahabu huko Venice mwaka 1951, na kwa tuzo hiyo macho ya ulimwengu yakageukia sinema ya Kijapani. Shichinin no Samurai (1954), yenye urefu wa zaidi ya saa tatu, yasimulia habari za wanakijiji wanaowaajiri mashujaa saba kuwalinda na majambazi, na malipo yao ni wali tu. Wanne kati ya saba hao wanakufa, na mwishoni kiongozi wao anakiri kwamba walioshinda ni wakulima.

Kwa walimu wa fasihi, ya kutazamwa kwa makini ni Kumonosu-jo ya mwaka 1957, ambayo ni Macbeth wa Shakespeare aliyevikwa mavazi ya Kijapani. Sisi twamjua Makbeth wa Kiswahili kwa tafsiri ya S. S. Mushi iliyotolewa mwaka 1968. Mushi, kama ilivyo wajibu wa mfasiri, aliyafuata maneno na kuyatafutia wenzao katika lugha yetu. Kurosawa aliyaacha maneno ya Shakespeare karibu yote, akabaki na tendo, ukungu, msitu unaotembea na mishale inayommiminikia msaliti. Anayetaka kuwafunza wanafunzi tofauti iliyopo baina ya kutafsiri na kutohoa hatapata mfano ulio wazi kuliko huo.

Lakini katika tisa hizo hazikosi zilizopungua. Skyandaru ya 1950 ni kazi ya kawaida, na Hakuchi ya 1951, iliyotokana na riwaya ya Dostoevsky, ilikatwa sana na kampuni iliyoigharimia hata ikaonyeshwa ikiwa na mapengo. Kosa hilo si la Kurosawa, ila filamu iliyobaki ndiyo tunayoweza kuipima.

Sasa tuje Afrika. Ousmane Sembène wa Senegali (1923–2007) alikuwa mpakizi wa shehena bandarini Marseille kabla ya kuwa mwandishi wa riwaya kwa Kifaransa. Akatambua kwamba watu aliowaandikia wengi wao hawawezi kuzisoma riwaya zake, akaenda Moscow kujifunza sinema. Miaka yake kumi twaihesabu tangu 1968 hadi 1977, nayo ina filamu ndefu nne, Mandabi, Emitaï, Xala na Ceddo, pamoja na fupi moja, Taaw.

Mandabi (1968) huhesabiwa miongoni mwa filamu ndefu za kwanza kabisa kunena kwa lugha ya Kiafrika, yaani Kiwolofu. Ibrahima Dieng, mzee asiyejua kusoma, anapata hawala ya fedha kutoka kwa mpwawe aliyeko Paris. Ili azipokee posta anadaiwa kitambulisho. Ili apate kitambulisho anadaiwa cheti cha kuzaliwa. Na cheti hakipatikani kwa mtu asiyejua tarehe aliyozaliwa. Wakati huo jamaa na majirani wamekwisha kuzikopea fedha hizo kabla hazijafika mkononi. Mwishowe msomi mmoja mwenye suti anazichukua na kumwambia mzee kwamba zimeibwa.

Tukiilinganisha filamu hii na Ikiru ya Kurosawa (1952) tunaona jambo la ajabu kidogo. Zote mbili zahusu ofisi za serikali. Katika Ikiru, mama wa mtaani wanaomba kidimbwi cha maji machafu kigeuzwe kiwanja cha watoto, nao wanazungushwa kutoka dirisha moja hadi jingine. Ila Kurosawa anasimama ndani ya dirisha, pamoja na karani Watanabe, ambaye baada ya kujua kwamba ana saratani ya tumbo anaamua kukijenga kiwanja hicho kabla ya kufa. Sembène anasimama nje ya dirisha na hatoki hapo. Ofisi ya Kurosawa yaweza kuokolewa na mtu mmoja mwenye moyo, japo wenzake huirudia desturi yao mara baada ya matanga. Ofisi ya Sembène haiwezi kumsikia Dieng hata kidogo, kwani inasema Kifaransa.

Hilo la lugha ndilo uti wa mgongo wa kazi zake. Katika Emitaï (1971) wanakijiji wa Kidiola wanaugomea utawala wa Kifaransa unaodai mpunga wao wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Katika Xala (1975) tajiri El Hadji anasemezwa na binti yake Rama kwa Kiwolofu, ilhali yeye ameshikilia Kifaransa. Na siku anapofilisika na kutaka kujitetea mbele ya wenziwe kwa Kiwolofu, ananyimwa ruhusa. Filamu ya Ceddo (1977) ilizuiwa nchini mwake, na sababu iliyotolewa rasmi ilikuwa ya imla: serikali ya Rais Senghor ilitaka neno hilo liandikwe kwa d moja, Sembène akashikilia d mbili. Wengi waliona kwamba sababu hasa ilikuwa maudhui, kwa kuwa filamu yenyewe yagusa jinsi dini ngeni zilivyoingia kwa nguvu. Sisi tulioshughulika na mikutano ya usanifishaji wa Kiswahili twajua kwamba herufi moja yaweza kuzua maneno mengi. Ni mara chache lakini herufi hiyo ikafunga mlango wa jumba la sinema.

Kwa hiyo moyo wa mwalimu wa lugha ya Kiafrika waelekea kumvika Sembène taji hapo hapo. Hapa ndipo twapaswa kusita. Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Kabla ya kuamua, hatuna budi kumtazama Satyajit Ray wa Bengali (1921–1992).

Ray alianza na Pather Panchali mwaka 1955, filamu iliyomchukua miaka kadhaa kwa ukosefu wa fedha, hata akaweka rehani vitu vya nyumbani mwake kabla ya serikali ya jimbo la Bengali Magharibi kumsaidia kuimaliza. Tangu hapo hadi 1964 alitoa filamu za hadithi kumi na moja. Tatu ni za maisha ya Apu: Pather Panchali, Aparajito (1956), iliyopata Simba wa Dhahabu huko Venice, na Apur Sansar (1959). Jalsaghar (1958) ni habari ya mwinyi anayeteketeza mabaki ya mali yake kwa kuandaa ngoma na nyimbo ukumbini mwake ili asizidiwe fahari na jirani aliyetajirika juzi. Devi (1960) ni ya mwana mke kijana ambaye mkwewe ameota kwamba ni mungu wa kike, akasujudiwa hata akapotewa na akili zake. Kisha zikaja Mahanagar (1963) na Charulata (1964). Kwenye orodha hiyo hiyo zimo Parash Pathar (1958), ambayo ni kichekesho chepesi, na Abhijan (1962), iliyotungwa kwa mtindo wa kuridhisha umati. Hata hizo mbili hazina aibu.

Filamu zote kumi na moja zilinena Kibengali. Soko la Kihindi lilikuwa pana zaidi, na Ray hakutengeneza filamu ndefu ya Kihindi mpaka Shatranj Ke Khilari ya 1977. Basi katika jambo la lugha Ray na Sembène walifuata njia moja, na hoja yetu ya kupenda lugha ya nyumbani haiwezi kumpa mmoja ushindi juu ya mwenziwe.

Kinachobaki ni kazi yenyewe. Tuwalinganishe wanawake wawili. Rama wa Xala ni msichana shupavu. Anakataa maji ya chupa yaliyotoka ng'ambo, anakataa Kifaransa, anamkabili baba yake bila kupepesa. Twamshangilia, lakini kila asemalo twalijua kabla hajalisema, kwa sababu ametumwa na mtunzi kuwasilisha hoja. Arati wa Mahanagar ni mke wa nyumbani mjini Calcutta anayeanza kuuza mashine za kufumia ili kusaidia familia. Mumewe anamtaka ajiuzulu. Siku hiyo hiyo benki anayofanya kazi mume yafungwa, akampigia simu mkewe asijiuzulu. Baadaye Arati anaacha kazi hiyo kwa hiari yake, familia ikiwa haina mshahara mwingine, kwa kuwa mwenzake Edith amefukuzwa kwa dhuluma. Hatukutazamia hivyo, wala yeye mwenyewe hakujijua kuwa ana ujasiri huo. Maudhui ya ukombozi wa mwanamke yamo katika filamu zote mbili. Katika ile ya Ray yanazaliwa na mhusika. Katika ile ya Sembène mhusika anazaliwa nayo.

Yawezekana mtu akapinga kwamba hatumtendei haki Sembène. Ray alikuta hadithi za Tagore, alikuta studio, alikuta watazamaji waliozoea sinema ya lugha yao. Sembène hakukuta hata kimoja. Mandabi ililazimika kupigwa mara mbili, kwa Kiwolofu na kwa Kifaransa, kwa kuwa sehemu ya fedha ilitoka Ufaransa. Hayo ni kweli tupu, na ndiyo yanayomfanya Sembène astahili heshima ambayo hatuwezi kumpa Ray. Lakini ugumu wa njia wapima ushujaa wa msafiri. Hauongezi ubora wa kitu alichofika nacho. Mandabi haihitaji kuongezewa kitu hicho. Yaweza kusimama kando ya Ikiru na Charulata bila kuombewa radhi. Isipokuwa Ray anazo sita au saba za daraja hilo katika miaka kumi, Kurosawa anazo nne au tano, na Sembène, kwa maoni yetu, anazo mbili. Kwa hiyo twasema miaka kumi bora ni ya Satyajit Ray, tangu 1955 hadi 1964.

Twaona uamuzi huu wafaa kuzingatiwa na walimu wenzetu. Mara nyingi katika mikutano yetu kitabu cha Kiswahili husifiwa kwa sababu kimeandikwa kwa Kiswahili, na mwenye kutaja kasoro zake huonekana kama mtu asiyeipenda lugha. Tabia hiyo yawadhuru wanafunzi, kwani hujifunza kwamba sifa ni deni la jamaa. Yawadhuru na waandishi, kwani hakuna anayewaambia ni mhusika yupi aliyebaki kuwa hoja iliyovishwa kanzu. Mcheza kwao hutunzwa, ni sawa; lakini mtunzaji aliye mjuzi hutazama pia miguu ya mchezaji.

Walimu wenye nafasi ya kupata filamu hizi twawashauri waonyeshe Mandabi na Ikiru katika juma moja, kisha wawaulize wanafunzi waandike insha kwa Kiswahili juu ya dirisha la ofisi lilivyotazamwa na kila mwongozaji. Wenzetu wanaoona kwamba tumempunja Sembène nao wanakaribishwa kutujibu katika kurasa hizi, mradi wazitaje filamu na maonyesho yake.