Msumari wenye Kutu Sufuriani

Mwishoni mwa Desemba, katika baadhi ya majiko ya Japani, hutokota sufuria ya soya nyeusi yenye kitu ambacho mpishi wa kwetu angekitoa mbio: misumari yenye kutu, imefungwa kwenye kitambaa kisafi. Haikuanguka humo kwa bahati mbaya. Weusi wa ganda la soya hutoka upesi kwenye maji ya moto, na punje hubaki na rangi iliyofifia, ya kuchusha. Chuma huishika rangi hiyo, na soya ikaiva nyeusi tititi, inang'aa kama shanga. Siku hizi madukani huuzwa tufe la chuma la kazi hiyo hiyo, lakini wapo wasiotaka kuachana na misumari.

Chakula hiki huitwa kuromame, na katika mapishi yote ya nyumbani ya Wajapani ndicho ninachokistaajabia zaidi. Ni soya, maji, sukari, chumvi, sosi ya soya na baikaboneti kidogo ya kulainisha, kama sisi tunavyotia magadi kwenye makande. Hakuna kiungo cha kuficha uzembe. Yote yanategemea jinsi mpishi anavyoutawala moto na jinsi anavyoweza kungoja.

Njia inayofuatwa na wengi ilienezwa na Doi Masaru (1921–1995), mwalimu wa mapishi aliyependwa sana kwenye televisheni. Kwake sukari haingoji mwisho. Mchuzi huchemshwa kwanza pamoja na sukari na sosi yake, kisha soya kavu iliyooshwa humiminwa humo mchuzi ukiwa bado wa moto, ikaachwa ilowe kwa saa kadhaa. Sababu yake ni hii: soya iliyolowekwa kwenye maji matupu, ikikutana ghafla na sukari nyingi, hunyang'anywa maji yake na ganda likasinyaa. Ikilowa katika utamu tangu mwanzo, ganda na kiini huvimba pamoja. Hapo ndipo sufuria hurudishwa motoni. Povu huenguliwa, moto hushushwa mpaka mchuzi utikisike kidogo tu, na kifuniko kilicho kidogo kuliko mdomo wa sufuria hulazwa juu ya soya zenyewe ili zisirukeruke na kupasuka. Kwa muda wa saa 6, pengine 8, mpishi huja, hutazama, huongeza maji kidogo, huondoka, hurudi. Punje ikichungulia nje ya mchuzi, hewa huikunja. Hata zikishaiva haziepuliwi na kupakuliwa papo hapo. Hupoa humo humo mpaka kesho yake, zikinywa utamu taratibu.

Mikunjo yenyewe ina mjadala. Kyoto na Osaka hutaka punje laini, iliyojaa. Upande wa Tokyo, tangu zamani, wapo waliopenda iliyokunjamana, kwa dua ya kuishi mpaka ngozi ijikunje. Kwa ufundi niko na Kyoto. Kwa dua, Tokyo wamewashinda.

Maana ni dua hasa. Kuromame huingia katika masanduku ya jubako, yaliyopakwa laka na kupangwa ghorofa juu ya ghorofa, yenye chakula cha Mwaka Mpya kiitwacho osechi. Neno "mame" ni soya au maharage, lakini pia hutajwa kwa mtu mwenye afya na bidii. Mwani wa konbu upo kwa sababu jina lake linasikika ndani ya "yorokobu", kufurahi. Kamba yupo kwa mgongo wake uliopinda kama wa mzee. Mzizi wa yungiyungi una matundu, ili mlaji auchungulie mwaka ujao. Msomaji aliyezoea kusoma jina la kanga kabla ya kuinunua atalielewa sanduku hili mara moja.

Humo pia mna dagaa. Huitwa tazukuri, yaani kulima shamba la mpunga, kwani hapo kale samaki wadogo walitiwa mashambani kama mbolea na mpunga ukastawi. Dagaa wakavu hukaangwa bila mafuta kwa moto mdogo, wakigeuzwa bila kuchoka. Mpishi humtoa mmoja, humwacha apoe, humvunja kwa vidole; akikatika kwa mlio, wameiva. Kisha huviringishwa kwenye sosi ya soya iliyochemshwa na sukari mpaka ikawa nzito.

Vyakula hivi vimehifadhiwa kwa sukari, chumvi na siki ili vidumu siku tatu za kwanza za Januari, jiko lisiwe na kazi kubwa zaidi ya kupasha supu ya mochi, madonge ya mchele unaonata. Mwaka 2013 UNESCO iliyaingiza mapishi ya jadi ya Wajapani katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, na ikautaja Mwaka Mpya kwa jina. Familia nyingi sasa hununua osechi iliyokwisha kupangwa. Siwalaumu, kazi ni nyingi. Lakini hukosa ile harufu ya soya inayokaa ndani ya nyumba mchana kutwa.

Nje ya Mwaka Mpya, penye mtoto aliyezaliwa au aliyehitimu, hupikwa sekihan, wali mwekundu. Kwa kawaida huchanganywa na azuki, maharage madogo mekundu. Ila azuki hupasuka tumboni ikiiva, na samurai wa Edo, ambayo leo ni Tokyo, waliona humo mfano wa mtu anayejipasua tumbo. Wakatumia sasage, ambayo haipasuki upesi. Sasage ni kunde, na kunde ni zao lililoanza kulimwa Afrika.

Kunde huchemshwa kidogo, kisha maji yake hayamwagwi. Mpishi huyachota kwa upawa, huyainua, huyamimina tena kutoka juu, mara nyingi, yapigwe na hewa. Wekundu wake hukolea. Humo ndimo mchele unaonata hulowekwa usiku kucha, kabla ya kupikwa kwa mvuke. Siku utakapochemsha kunde nyekundu, usiyamwage maji yake kwanza. Shika upawa, chota, mimina kutoka juu, na utazame.