Faili ya Ilyas, Swali la Afiya

Nitaharibu mwisho wa kitabu, kwa hivyo kama bado hujasoma Afterlives ya Abdulrazak Gurnah, weka makala hii kando kwanza. Mimi niliisoma mara ya kwanza mbio mbio, zile kurasa za mwisho zikaniudhi, nikaiweka. Mwaka huu nimeirudia kwa sababu ya nyanya yangu.

Kaka yake aliondoka Mombasa akiwa kijana, miaka ya hamsini, akapata kazi ya jikoni melini. Barua mbili zilikuja, halafu kimya. Mimi nilipoacha chuo nilikuwa na muda na bando, nikaanza kumtafuta kwenye orodha za zamani za mabaharia na abiria ambazo siku hizi ziko mtandaoni. Baada ya miezi nikapata mstari mmoja: jina linalofanana na lake ila limeandikwa vibaya, umri unaokaribia, na Mombasa kama mahali pa kuzaliwa. Basi. Nikamsomea nyanya. Alinyamaza, kisha akauliza, "Huyo aliyeandika hapo, alimuuliza jina lake, ama alijiandikia tu?"

Swali hilo ndilo lililonirudisha kwa Gurnah.

Riwaya ilitoka 2020, mwaka mmoja kabla apewe tuzo ya Nobel. Tuko pwani ya Tanganyika, enzi ya Wajerumani. Ilyas alitoroka nyumbani utotoni, akasomeshwa na misheni ya Kijerumani, na anaporudi ukubwani anamkuta dadake mdogo, Afiya, ambaye hakujua hata kama alizaliwa. Anamchukua na kumfundisha kusoma na kuandika. Kisha vita vinakaribia, Ilyas anajiunga na askari wa Wajerumani kwa hiari yake, na Afiya anarudishwa kwa walezi walewale waliokuwa wakimtumikisha. Hamwoni kaka yake tena.

Mlezi anagundua msichana anajua kuandika. Anampiga hadi kumvunja mkono. Afiya anamwandikia kijikaratasi Khalifa, rafiki ya kakake, naye anakuja kumtoa pale. Kusema ukweli, kwangu hiyo ndiyo karatasi kuu ya kitabu kizima. Maneno machache, yameandikwa na mwenye shida mwenyewe, na mtu akaja.

Karatasi za mwisho ni za aina nyingine kabisa. Mtoto wa Afiya, aliyepewa jina la mjombake, anaenda Ujerumani kwa ufadhili miaka ya sitini kusomea utangazaji. Huko anapekua kumbukumbu za serikali na kumpata mjomba. Ilyas alihamia Ujerumani baada ya vita, akawa mwimbaji, akakamatwa kwa kuwa na uhusiano na mwanamke Mjerumani, akafia kambi ya Sachsenhausen. Mwanawe wa kiume alimfuata humo kambini.

Gurnah hakuitoa hii hewani. Bayume Mohamed Husen alizaliwa Dar es Salaam 1904, akatumikia jeshi la Wajerumani tangu utotoni, na 1929 akafika Berlin. Alidai mishahara ambayo yeye na babake hawakuwahi kulipwa, akakataliwa. Akaomba nishani ya vita, akanyimwa. Alifundisha Kiswahili chuoni na kuigiza kwenye filamu. 1941 akakamatwa kwa kosa lilelile la kumpenda mwanamke mzungu, akafa Sachsenhausen Novemba 1944. Leo kuna jiwe dogo lenye jina lake barabarani Berlin.

Sasa angalia hizo karatasi zilitoka wapi. Tunamjua Husen kwa sababu alidai, aliomba na alikamatwa. Kurasa nyingi za faili yake ziliandikwa na afisa aliyekuwa akimwambia hapana. Ilyas wa riwayani pia anapatikana hivyo: waliomuua ndio waliomtunzia rekodi. Sisi tunaotafuta ndugu zetu mtandaoni tunashangilia tukiona jina, na tunasahau kwamba aliyeliandika alikuwa kazini, na kazi yake haikuwa kumsaidia mtu kurudi kwao.

Wasomaji wengi hulalamika kwamba sura ya mwisho inakimbia. Baada ya mamia ya kurasa za polepole, za uani na karakana ya mbao, ghafla miaka inapita kama matatu ya asubuhi. Mimi niliikasirikia kwa hilo. Siku hizi namtetea Gurnah nusu nzima: faili husomeka hivyo. Tarehe, mji, kosa, kifo. Angeturembea maisha ya Ilyas kule Ujerumani, angekuwa anatudanganya kuhusu kile kijana alichokikuta kwenye makaratasi.

Nusu ya pili simtetei. Kitabu kinafungwa kijana akiwaeleza wazazi wake alichopata, na Afiya hajibu. Huyu ni mwanamke aliyesubiri tangu utotoni. Kusubiri kwake kulimfikia hadi mtoto, ambaye alisumbuliwa na sauti ikimuulizia mjomba aliyepotea. Habari imefika, na anayestahili kuipokea anabaki msikilizaji tu. Aliyeandika "nisaidie" yake mwenyewe akiwa mtoto, sasa ameachiwa faili ya watu wengine na hana hata sentensi moja. Nilitaka ukurasa mmoja. Hata akikataa kuamini. Hata akiinuka kwenda kupika.

Nyanya yangu alikataa kuamini, kwa siku nne. Siku ya tano akanituma saiba nikachapishe ule mstari. Nilipomletea, alivaa miwani, akachukua kalamu, akakata lile jina lililokosewa. Pembeni yake akaandika jina la kakake kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofundishwa chuoni kwa mwalimu wake wa Kurani. Akaukunja ule ukurasa na kuutia ndani ya msahafu.

Kama yule alikuwa yeye kweli, sijui. Hakuniuliza tena.