Beti Zilizotoka Kamiti

Sauti ya Dhiki ni diwani ambayo wengi wetu tunakijua kisa chake kabla hatujayasoma mashairi yenyewe. Mwaka 1968 Abdilatif Abdalla, kijana wa Mombasa mwenye umri wa miaka 22, aliandika waraka akauita Kenya: Twendapi?, akiishutumu serikali ya chama cha Kanu. Alikamatwa, akatiwa hatiani kwa uchochezi na kuhukumiwa kifungo cha miaka mitatu. Sehemu kubwa ya kifungo hicho alikaa peke yake katika gereza la Kamiti. Huko alitunga, akaandika kwenye karatasi za chooni, na beti zikatolewa nje kwa siri. Alifunguliwa mwaka 1972, na mwaka uliofuata Oxford University Press ya Nairobi ikaichapa diwani.

Kisa hicho kinatia uchungu, na uchungu huwafanya wasomaji wawe wapole. Tukijua mtu aliandika akiwa kifungoni, tunaisamehe mistari iliyolegea. Abdilatif hahitaji upole huo. Mizani zake zimetimia, vina vinaitikiana kati na mwisho, na Kiswahili cha Kimvita alichokulia nacho kinampa vitenzi vifupi, vizito, vinavyobeba sentensi nzima katika silabi chache. Hajajipunguzia kazi hata kidogo kwa sababu ya dhiki, na kwangu mimi hapo ndipo msimamo wake unapoonekana zaidi kuliko katika tamko lolote.

Tazama "Mamba". Shairi tulilolizoea huenda kwa mizani 8 kwa 8. Hapa kipande cha kwanza cha mshororo kina mizani 4 tu, kisha ndipo zinapofuata 8. Zile 4 zinagonga, zile 8 zinafafanua, na msomaji hapati nafasi ya kusinzia. Yuko mamba mtoni, anajigamba, anaona hakuna wa kumweza. Mshairi anamtabiria mwisho wake. Hakuna kiongozi aliyetajwa. Ofisa wa gereza ambaye angelikamata karatasi hiyo angekuta habari za mnyama wa majini. Mombasa ilikuwa na uzoefu wa zamani na fumbo la namna hii: mshairi Muyaka bin Haji alikwisha kulitumia katika siasa za mji huo karne ya 19. Abdilatif hakubuni silaha mpya, aliinoa ya wazee wake.

Lakini shairi ninalolirudia zaidi ni "Mnazi: Vuta N'kuvute". Alii na Badi wanagombea mnazi. Mmoja yuko juu, anafaidi. Mwenzake yuko chini, anadai kwamba mnazi ule si wa mtu mmoja. Wanajibizana kwa zamu, beti kwa beti, kwa desturi ya malumbano ambayo watu wa pwani wanaijua vizuri. Ni rahisi kuona kwamba mnazi ni nchi iliyopata uhuru karibuni. Kigumu, na ndicho kinachonistaajabisha, ni subira ya mtunzi. Aliyeko juu naye amepewa nafasi ya kujitetea kwa ulimi mkali. Mfungwa mwenye kinyongo angeweza kumfanya mjinga, lakini mfungwa huyu alimwachia aseme, kisha akamjibu hoja kwa hoja. Na tukumbuke alikuwa mtu aliyenyimwa wa kuzungumza naye. Katika upweke ule alitunga mabishano ya watu wawili, na kila sauti ikasikika kivyake.

"Siwati" ndilo shairi linalotajwa zaidi, na ni haki yake, kwani humo anasema waziwazi kwamba alichokishika hakiachi. Neno hilo la kukataa linafungua mshororo wa kwanza na kurudi katikati yake. Kwa sauti kubwa linatisha. Kwa kusoma kimyakimya nusu ya nguvu zake inapotea.

Mwaka 1974 diwani hii ilipewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, yenye jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mtunzi. Walimu wa fasihi, tafadhali, msiishie kwenye kisa cha karatasi za chooni. Wapeni wanafunzi "Mnazi", mmoja awe Alii, mwingine awe Badi, wasimame mbele ya darasa na kulumbana mpaka ubeti wa mwisho.