Swali Bungeni

Husemwa kuwa kuuliza si ujinga. Maneno hayo humfaa mgeni aulizaye njia, lakini hayamwelezi mbunge amwulizaye waziri. Aghalabu mbunge huyo hulijua jibu kabla ya kufungua kinywa, na haja yake si kupata habari. Haja yake ni kumfanya mwenye mamlaka aseme jambo kwa ulimi wake mwenyewe, mbele ya mashahidi, liandikwe katika Hansadi, lisiweze kukanwa kesho. Kwa sababu hiyo swali la Bungeni ni namna ya utungaji, nalo lastahili kuhakikiwa kama tunavyohakiki tenzi na tamthilia.

Katika miaka ya kwanza ya uhuru wa Kenya mawaziri walikuwa wabunge, na waliketi ukumbini pamoja na wale waliowauliza. Desturi hiyo ilitoka Uingereza. Mbunge aliandika swali lake, likapelekwa kwa karani wa Bunge, likachapwa katika orodha ya shughuli. Waziri akapata nafasi ya kuandikiwa jibu na maofisa wake. Swali la kwanza, basi, lilikuwa hodi tu. Vita vilianza kwa maswali ya nyongeza, ambayo hayakuandikwa wala kutangazwa, na hapo ndipo ilipojulikana kama waziri aijua wizara yake au aijua karatasi aliyopewa.

Fundi mkubwa wa kazi hii katika Afrika alikuwa Helen Suzman wa Afrika Kusini. Tangu 1961 hadi 1974, miaka 13, alikuwa mbunge pekee wa chama chake katika Bunge lililotawaliwa na watetezi wa ubaguzi wa rangi. Hakupenda kupayuka, aliuliza hesabu. Ni watu wangapi waliokamatwa kwa sheria za pasi? Ni wangapi waliomo kizuizini? Waziri mmoja alipolalamika kwamba maswali yake yaiaibisha nchi mbele ya mataifa, alimjibu kuwa yaiaibishayo nchi si maswali yake, bali ni majibu ya mawaziri. Tazama jibu hilo lilivyoundwa. Hakukana kwamba aibu ipo. Aliipokea, kisha akamrudishia mwenyewe.

Martin Shikuku, aliyechaguliwa kuwa mbunge wa Butere mwaka 1963, hakuwa na utulivu wa namna hiyo. Watu walimwita mlinzi wa wananchi, naye alilipenda jina hilo. Ulimi wake ulikuwa mwepesi na mkali, na mara nyingine mshale wake ulitoka upindeni kabla ya jicho kushika shabaha. Hata hivyo, maneno machache aliyoyasema mwezi wa Oktoba 1975 yastahili kusomwa polepole, kwa maana ni maneno yaliyomgharimu miaka mitatu ya uhuru wake.

Mwaka ule ulikuwa mzito. Chama cha upinzani, KPU, kilikwisha kupigwa marufuku mwaka 1969, na kila aliyekuwamo Bungeni alikuwa mwanachama wa KANU. Mwezi wa Machi mbunge Josiah Mwangi Kariuki aliuawa, na maiti yake ikaonekana katika vilima vya Ngong. Bunge liliunda kamati ya uchunguzi chini ya Elijah Mwangale. Mwezi wa Juni taarifa ya kamati ilipoletwa, serikali haikutaka ikubaliwe, lakini wabunge wa viti vya nyuma walishinda kwa kura chache. Masinde Muliro, aliyekuwa waziri, alipiga kura pamoja nao, akapoteza uwaziri.

Katika hali hiyo Shikuku alisimama akasema kwamba wako watu wanaotaka kuliua Bunge kama vile KANU ilivyouawa. Upande wa serikali ukadai athibitishe maneno yake. Naibu wa Spika, Jean-Marie Seroney, mwanasheria na mbunge wa Tinderet, ndiye aliyekuwa kitini. Akaamua kwamba hapana haja ya kuthibitisha jambo lililo wazi.

Nguvu ya usemi wa Shikuku imo katika kitenzi kimoja, kuua. Wakati mwingine kitenzi hicho kingekuwa mfano wa kawaida. Twasema mtu ameua biashara au ameua shauri. Lakini miezi saba tu baada ya kifo cha Kariuki hapakuwa na mtu ukumbini aliyeweza kulisikia neno hilo kama mfano mtupu. Tena mfano wenyewe ulikuwa na ncha mbili: mawaziri waliokuwa wakimsikiliza ndio viongozi wa chama alichokitaja kuwa ni maiti. Iwapo walikasirika kwa ajili ya Bunge au kwa ajili ya KANU, si rahisi kusema.

Uamuzi wa Seroney ni mfupi kuliko usemi wa Shikuku, na watu wengi huusifu. Mimi nausifu kwa ufasaha wake, siusifu kwa sheria. Aketiye katika kiti cha Spika si mchezaji, ni mwamuzi. Kanuni yasema atoaye shutuma aithibitishe au aifute, na kanuni hiyo humlinda mbunge mnyonge kama imlindavyo waziri. Mwamuzi akiruhusiwa kuita wazi kila alisadikilo, kesho ataketi mwingine, aone wazi kwamba waziri hakukosa, na swali life kabla halijaulizwa.

Lakini hapa pana jambo ambalo mhakiki hawezi kulipita. Tarehe 15 Oktoba 1975 polisi waliingia katika majengo ya Bunge, wakawakamata Shikuku na Seroney, nao wakawekwa kizuizini bila mashtaka. Ushahidi ambao serikali ilimdai mbunge, serikali yenyewe ikauleta. Wako wasemao kwamba kwa tendo hilo uamuzi wa Seroney ulipata uhalali. Sikubali, kosa la mwamuzi halisafishwi na kosa lililo kubwa zaidi. Ila adhabu ya kosa lile katika kanuni za Bunge ni kuamriwa kufuta maneno, au kutolewa ukumbini. Haikuwa kufungiwa hadi Desemba 1978, miezi minne baada ya Rais Kenyatta kufariki.

Seroney alikufa mwaka 1982. Shikuku alirudi Bungeni mwaka 1979, akaendelea kuwasumbua mawaziri kwa ulimi ule ule. Alifariki mwaka 2012. Kabla ya kifo chake aliishi kuiona Katiba ya 2010, iliyowatoa mawaziri katika viti vya ubunge. Kwa miaka kadhaa baada ya uchaguzi wa 2013 waliulizwa katika vyumba vya kamati, mpaka mwaka 2023 walipoanza kufika mbele ya ukumbi mzima kujibu maswali. Huja na karatasi zilizoandikwa na maofisa wao, na wabunge hungoja wamalize kusoma, ili waulize maswali ya nyongeza.